Baba ana kidonda cha kisukari: je, nimnunulie sindano ya LL-37?

Swali: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 63 na ana kisukari, huu mwaka wa tisa. Ana kidonda chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, wiki ya saba sasa hakifungi. Mara mbili alipewa antibayotiki duka la dawa, kinakauka kidogo kisha kinarudi. Kuna mtu ananiuzia kwa WhatsApp sindano inaitwa LL-37. Anasema ni peptidi, antibayotiki ya asili ya mwili, haina madhara kwa sababu mwili wenyewe unaitengeneza, na bakteria hawawezi kuizoea. Kichupa laki mbili na themanini. Jirani yetu anasema tumpe vitamini D tu, inafanya kazi hiyo hiyo. Tunaishi Tabata. Nifanye nini?

Marahaba, binti yangu, na pole kwa kuuguza. Nianze na jibu lenyewe, maana wiki saba ni nyingi mno kwa kidonda cha aina hiyo. Usinunue kichupa hicho. Kesho asubuhi mpeleke mzee Hospitali ya Amana, achukue daftari lake la kliniki, dawa zake zote za sukari, na maboksi ya zile antibayotiki alizokunywa hata kama yamebaki matupu. Ukiona wekundu unapanda mguuni, kidonda kinatoa harufu, kidole kinageuka cheusi, au mzee ana homa na kutetemeka, usingoje kesho. Mpeleke leo, hata kama ni usiku.

Sasa nikueleze kwa nini, na nitachukua nafasi, kwa sababu muuzaji wako hajasema uongo mtupu. Amechukua elimu ya kweli, tena nzuri sana, akaipeleka mahali ambapo haijafika.

Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, zile zile zinazojenga protini. Mwili wa binadamu unatengeneza peptidi nyingi zenye kuua vimelea, na unaziweka hasa pale unapokutana na dunia ya nje. Mate yana histatini, zinazozuia fangasi wa mdomoni. Jasho, hilo hilo linalotulowesha kwenye daladala mwezi wa pili, lina dermsidini, iliyogunduliwa mwaka 2001. Ndani ya vishimo vya ukuta wa utumbo mwembamba kuna seli za Paneth zinazotoa difensini, na hiyo ni sababu mojawapo ya utumbo huo kuwa na bakteria wachache kuliko utumbo mpana. Maziwa ya mama, hasa yale mazito ya njano ya siku za kwanza, yana laktoferini kwa wingi, na ikimeng'enywa tumboni hutoa peptidi yenye makali kuliko laktoferini yenyewe. Kila ninaposikia mama amekamua maziwa hayo na kuyamwaga kwa sababu ameambiwa ni machafu, naumia.

Halafu kuna damu. Zile chembe nyeupe ziitwazo neutrofili, ambazo ndizo za kwanza kufika mahali palipochubuka, zina vifuko vidogo ndani yake, na kati ya theluthi na nusu ya protini iliyomo katika vifuko vikuu ni difensini. Neutrofili ikimmeza bakteria, vifuko hivyo vinammwagikia.

Hiyo LL-37 unayouziwa ni mmoja wa ukoo huu. Mnyororo wake una asidi amino 37 na unaanza na leusini mbili, ndiko lilikotoka jina. Ni ya familia ya kathelisidini, na ingawa wanyama wengine wana kathelisidini kadhaa, binadamu ana hii moja tu. Umuhimu wake unaonekana kwa watoto wanaozaliwa na ugonjwa wa Kostmann, ambao neutrofili zao ni chache mno. Wakitibiwa, neutrofili zinaongezeka, lakini watafiti wa Sweden walionyesha mwaka 2002 kwamba neutrofili hizo mpya hazina LL-37 inayotakiwa, na fizi za watoto hao huendelea kuoza. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba peptidi hii ni muhimu kwa kinga, amesema kweli.

Jinsi inavyoua ndipo penye uzuri, na ndipo pia penye hatari. Utando wa nje wa bakteria una chaji hasi. Utando wa seli zetu, kwa upande wake wa nje, hauna chaji kubwa, na umeimarishwa kwa kolesteroli. LL-37 ina chaji chanya, kwa hiyo inavutwa na bakteria zaidi kuliko inavyovutwa na seli yetu. Ikishafika inalala juu ya utando na kujikunja kuwa msokoto, upande mmoja unapenda maji na wa pili unapenda mafuta, kama ilivyo sabuni. Upande wa mafuta unazama ndani ya utando. Zikikusanyika nyingi, utando unatoboka, chumvi na vitu vya ndani vinavuja, na bakteria anaweza kufa ndani ya dakika chache. Antibayotiki nyingi tunazozijua hulenga kiungo kimoja ndani ya bakteria, kimeng'enya fulani au kiwanda chake cha protini. Peptidi hizi zinapiga utando mzima.

Lakini angalia vizuri maneno niliyotumia: inavutwa na bakteria *zaidi*. Tofauti kati ya bakteria na seli yako ni ya kiasi tu. Ukiongeza wingi wa LL-37, inaanza kutoboa na seli za binadamu pia. Jambo hili lilijulikana zamani. Mwaka 1939 René Dubos aliitoa gramisidini kwa bakteria wa udongoni. Ni peptidi ya asili kabisa na inaua vimelea vizuri, ila ikiingia kwenye damu inapasua chembe nyekundu. Ndiyo maana mpaka leo inatumika juu ya mwili tu, kwenye matone ya macho na malhamu, na hakuna daktari atakayekudunga.

Mwili wenyewe unaiogopa LL-37. Unaitunza ndani ya neutrofili ikiwa imefungwa kwenye protini kubwa isiyo na makali. Inakatwa na kuwa LL-37 pale tu inapotolewa nje, mahali penye shida, kwa kiasi kidogo, na baada ya muda inavunjwavunjwa. Mpango huo ukivurugika, tunaugua. Wagonjwa wa soriasi, ugonjwa wa ngozi kuota mabaka yenye magamba, ngozi yao ina LL-37 nyingi kupita kiasi, nayo hushikana na vipande vya DNA ya mgonjwa mwenyewe na kuamsha kinga dhidi ya mwili wake. Hilo lilionyeshwa mwaka 2007. Ugonjwa wa rosasia, wa uso kuwa mwekundu na kuvimba, nao unahusishwa na LL-37 iliyozidi na kukatwa isivyo. Katika baadhi ya saratani, ikiwemo ya ovari, imeonekana kusaidia uvimbe kukua. Kwa hiyo ile sentensi ya kwamba haina madhara kwa kuwa mwili unaitengeneza haina mashiko. Insulini pia mwili unaitengeneza, na mzee anajua kinachompata mtu aliyejidunga nyingi.

Turudi kwenye mguu wa baba. Hoja iliyomfanya mtu afikirie kuweka LL-37 kwenye kidonda ni ya maana. Vidonda sugu vya miguu vimepimwa, na ngozi ya ukingo wake, ile inayotakiwa kutambaa na kufunika kidonda, imekutwa haina LL-37 au ina kidogo sana, wakati kidonda kipya kinachopona kinayo kwa wingi. Zaidi ya kuua bakteria, peptidi hii inasaidia ngozi kuota na mishipa midogo ya damu kuchipua. Basi kwa nini isirudishwe?

Watu wamejaribu, tena kwa uangalifu mkubwa. Utafiti wa Sweden uliochapishwa 2014 ulichukua wagonjwa 34 wenye vidonda sugu vya miguu vinavyotokana na mishipa ya vena, ile inayorudisha damu moyoni, ukapaka LL-37 kwa viwango vitatu. Viwango viwili vya chini viliharakisha kupona. Kiwango cha juu hakikufanya lolote zaidi ya dawa bandia, yaani ile isiyo na kitu ndani, ya kulinganishia tu. Hilo peke yake likutoshe kuona kwamba hapa dawa kuzidi si kupona haraka. Kisha ulifuata utafiti mkubwa zaidi, wagonjwa 148, na kwa ujumla wao dawa haikuishinda dawa bandia. Dalili ya msaada ilionekana kwa wenye vidonda vikubwa tu. Indonesia nao walijaribu krimu ya LL-37 kwenye vidonda vya kisukari hasa, wakachapisha 2023. Vidonda vilipona kwa kasi zaidi, jambo la kutia moyo, lakini idadi ya bakteria kidondani haikupungua. Naomba usome tena hapo: kazi ambayo muuzaji anakuahidi, ya antibayotiki, ndiyo ambayo haikuonekana. Na zote hizo zilikuwa dawa za kupaka, zimetengenezwa kwa vipimo, kidonda kikisafishwa na wauguzi. Wewe unauziwa sindano.

Sindano hiyo nayo ina njia ndefu. Wauzaji wa aina hii huelekeza unga uchanganywe na maji nyumbani, kisha mtu ajidunge tumboni chini ya ngozi. Kutoka hapo peptidi ipite kwenye damu, ambako protini za damu huishika na kuipunguza makali, ifike kwenye mguu ambao mara nyingi kwa mgonjwa wa kisukari mishipa yake imeziba kiasi. Ikibahatika kufika, inakutana na bakteria wenye vimeng'enya vya kuikata. *Pseudomonas aeruginosa*, anayependa sana vidonda vyenye majimaji, anayo elastasi inayoikatakata LL-37 ikawa haina kazi. *Staphylococcus aureus* naye ana kimeng'enya chake cha kazi hiyo hiyo.

Hapo tayari umejibiwa lile la bakteria kutoizoea. Ni kweli usugu dhidi ya peptidi unakuja kwa taabu kuliko kwa antibayotiki nyingine, lakini unakuja. Bakteria hubadilisha chaji ya utando wao ili peptidi isivutwe tena. Mfano wa kusikitisha ni kolistini, peptidi iliyotolewa kwa bakteria na kutumika tangu miaka ya 1950. Iliwekwa pembeni kwa kuwa inaumiza figo, kisha ikarudishwa kama kimbilio la mwisho bakteria walipozishinda dawa nyingine. Wakati huo huo ilikuwa ikilishwa mifugo. Mwezi Novemba 2015 watafiti wa China walitangaza jeni iitwayo *mcr-1*, inayompa bakteria usugu dhidi ya kolistini, tena jeni hiyo inarithishwa kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine, hata wa aina tofauti. Muda si mrefu ikakutwa nchi nyingi.

Kuna peptidi ambazo zimekwisha kuwa dawa za kweli, na huenda umewahi kuzitumia bila kujua. Basitrasini, iliyogunduliwa miaka ya 1940, imo kwenye poda na malhamu nyingi za vidonda zilizoko maduka ya dawa hapa mjini. Vankomisini inadungwa hospitalini. Daptomisini iliidhinishwa Marekani 2003, na yenyewe haifai kwa nimonia kwa sababu majimaji ya ndani ya mapafu yanaifunga isifanye kazi. Nataja hilo ili uone jinsi peptidi moja inavyoweza kuwa dawa kali mahali fulani na bure mahali pengine pa mwili ule ule.

Na kwa mguu wa kisukari hasa, iko habari ya chura. Michael Zasloff, daktari na mtafiti wa Marekani, alikuwa akiwapasua vyura wa Afrika Kusini kwa kazi nyingine, anawashona na kuwarudisha kwenye tangi la maji machafu. Akashangaa mishono haioti usaha. Mwaka 1987 akatangaza magainini, peptidi za ngozi ya chura huyo. Kutokana nazo ikatengenezwa krimu ya peksiganani kwa ajili ya vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari, watu kama baba. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani ikakataa kuiidhinisha. Ikajaribiwa upya, na 2016 matokeo yakaonyesha haikuishinda krimu bandia. Karibu miaka thelathini ya kazi ya watu makini. Hata LL-37 yenyewe, hakuna mamlaka ya dawa ya Marekani wala ya Ulaya iliyoiidhinisha kama tiba. Mwambie muuzaji akupe namba ya usajili wa TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, ya hicho kichupa, kisha soma lebo yake kwa makini. Vichupa vya namna hii kwa kawaida vimeandikwa kwa herufi ndogo kwamba ni kwa utafiti tu, si kwa matumizi ya binadamu. Kilichomo ndani, usafi wake na uzito wake, hakuna aliyekukagulia.

Jirani naye ana chanzo chake. Mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba chembe za kinga zikikutana na vimelea vya kifua kikuu hutumia vitamini D ili kutengeneza kathelisidini, yaani hiyo hiyo LL-37. Ugunduzi mzuri sana, na wengi tulitumaini kwamba vidonge vya bei rahisi vitaokoa watu. Jaribio kubwa likafanyika hapa hapa Dar es Salaam: watu wazima 4,000 wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wenye vitamini D pungufu, waliokuwa wanaanza dawa za kufubaza virusi. Nusu walipewa vitamini D, nusu dawa bandia. Matokeo yalichapishwa 2020. Vitamini D haikupunguza vifo wala kifua kikuu cha mapafu. Sisemi vitamini D haina kazi. Mwenye upungufu uliopimwa apewe. Nasema haitafunga kidonda cha baba, na kila wiki mnayoijaribu ni wiki ambayo kidonda kinashuka kuelekea mfupa.

Kinachoweza kuzisaidia peptidi za mzee mwenyewe ni sukari kushuka. Sukari ikiwa juu, neutrofili zinasuasua kufika, zinameza bakteria kwa uvivu, na uzalishaji wa difensini kwenye ngozi unavurugika. Kwa hiyo asiache dawa zake hata siku moja kwa sababu ya kidonda, na muulize daktari kama huu ndio wakati wa kuhamia insulini.

Huko Amana, yako mambo ambayo nataka uyadai kwa upole lakini bila kuona aibu. Kidonda kikwanguliwe nyama iliyokufa na sugu la pembeni, maana chini yake ndiko bakteria wamejificha. Daktari akichunguze kwa kijiti cha chuma safi kama kinagusa mfupa, na mguu upigwe picha ya eksirei. Mapigo ya damu ya mguu yapapaswe, juu ya unyayo na nyuma ya fundo. Kama kuna dalili za maambukizi, ichukuliwe sampuli kutoka ndani ya kidonda kilichosafishwa, ioteshwe maabara, ndipo ichaguliwe antibayotiki inayomfaa bakteria aliyepatikana. Antibayotiki mbili za kubahatisha huenda zimeshamuachia mzee bakteria wagumu, ndiyo maana nimesisitiza maboksi.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni uzito. Kidonda kiko chini ya kidole gumba, mahali ambapo mwili mzima hukanyagia. Huenda mzee hasikii maumivu kwa sababu ya ganzi ya kisukari, kwa hiyo anatembea juu yake kwenda msikitini au kanisani, sokoni, kibarazani, na kila hatua inapasua ngozi changa iliyoota usiku. Ulizia kiatu maalumu au plasta ya kuondoa mgandamizo. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza, pamoja na India, ambako mradi wa Step by Step ulianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuwafundisha madaktari na wauguzi kutunza miguu ya wagonjwa wa kisukari, kwa hiyo wataalamu wapo. Amana wakiona kidonda kimewazidi, wataandika rufaa kwenda Muhimbili. Mpaka apate kiatu, ndala azivue na apumzike mguu ukiwa juu. Msiuloweke kwenye maji ya moto, hatasikia ukiungua. Msipake kitu chochote cha jikoni. Maji safi yenye chumvi, shashi safi, na mikono iliyooshwa vinatosha kwa usiku mmoja.

Laki mbili na themanini hiyo iwekeni akiba ya nauli, vipimo na shashi za kubadilisha, kwa sababu kupona kutachukua wiki nyingi. Na kama katika siku hizi mbili tatu sindano imeshapigwa, usimfiche daktari kwa kuogopa kugombezwa. Beba kichupa, sema kilidungwa wapi, lini na kiasi gani, na muangalieni pale palipodungwa kama panavimba au panakuwa pekundu. Akipata shida ya kupumua, akivimba uso au akitoka mabaka mwili mzima, hiyo ni dharura, mkimbizeni hospitali iliyo karibu zaidi.